Maniema: Saa mbili juu ya jiwe la mpaka

Mpima ardhi akiwa kazini Kasongo au Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, anaweza kuonekana kama mtu asiye na shughuli. Amesimamisha miguu mitatu juu ya jiwe la mpaka, amefunga antena ya GPS juu yake, kisha ameketi kivulini. Saa moja inapita, kisha ya pili. Watoto wanakuja kutazama, wanachoka, wanaondoka.

Kusubiri huko ndiyo kazi yenyewe. Huu ni upimaji tuli: kifaa hakisogezwi, kinarekodi mawimbi ya setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,200 hivi juu ya dunia, sekunde baada ya sekunde. Rekodi hiyo ndiyo inayoweza kuonyesha, miaka kumi baadaye, jiwe lilikuwa wapi kabla halijang'olewa.

Kwa nini mpaka una uzito

Sheria ya ardhi ya Kongo ya Julai 20, 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Serikali. Mwananchi hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa kwa cheti cha usajili baada ya ardhi kupimwa na kuwekewa alama. Miaka miwili ikipita tangu cheti kutolewa, ni vigumu sana kukipinga mahakamani. Ardhi ya kimila, wanayolima wanavijiji wengi, ilisubiri amri ya Rais iliyoahidiwa katika ibara ya 389, na kwa miongo mingi amri hiyo haikutolewa.

Kabambare kuna dhahabu pia. Mgodi wa Namoya, ulioko Salamabila, ulianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016 chini ya kampuni ya Banro ya Kanada, na eneo hilo limeshuhudia mvutano wa muda mrefu kati ya mgodi na wachimbaji wadogo. Sheria ya madini ya mwaka 2002 hugawa nchi katika miraba, kila mmoja ukiwa na hekta 84.955. Mwenye kibali cha kuchimba anatakiwa kuweka alama katika kila pembe ya eneo lake ndani ya mwaka mmoja. Kwenye ramani ya Kinshasa mraba ni mistari tu. Kijijini, mstari huo unaweza kupita katikati ya shamba la muhogo.

Simu haitoshi

Simu ya mkononi, mahali pa wazi, hukosea kwa takriban mita tano. Chini ya miti hukosea zaidi. Katika kiwanja chenye upana wa mita 20, mita tano ni robo ya kiwanja.

Upimaji tuli hushusha kosa hadi sentimita chache. Mashine moja huwekwa kwenye alama inayojulikana, nyingine kwenye jiwe jipya, zote zikirekodi kwa wakati mmoja. Makosa yanayozipata kwa pamoja huondolewa wakati wa hesabu. Kadiri zilivyo mbali, ndivyo muda wa kurekodi unavyoongezeka.

Hapo ndipo Maniema inapopata taabu. Kituo cha kudumu cha kimataifa kilichoko Mbarara, Uganda, kiko zaidi ya kilomita 600 kutoka Kasongo. Goma, ambako watafiti wa volkano hutumia vipokezi vya kudumu kufuatilia ardhi inavyosogea, ni zaidi ya kilomita 400. Njia iliyobaki ni kutuma faili kwenye huduma za bure za mtandaoni, kama AUSPOS ya serikali ya Australia. Hiyo inahitaji mashine ya masafa mawili na rekodi ya angalau saa moja. Saa mbili ndizo zinazopendekezwa.

Daftari ni nusu ya kazi

Faili peke yake ni tarakimu tu. Daftari ndilo linaloeleza tarakimu hizo ni za jiwe gani: jina la alama, namba ya mashine, aina ya antena, saa ya kuanza na kumaliza, na urefu wa antena kutoka kwenye jiwe, ukipimwa mwanzo na mwisho. Ni lazima pia iandikwe kama urefu ulipimwa wima au mshazari. Kosa hapo huharibu zaidi kimo. Timazi ikikaa pembeni ya alama, mpaka wenyewe ndio unaohama.

Asubuhi inafaa kuliko jioni, kwa sababu katika ukanda wa tropiki tabaka la juu la anga huvuruga mawimbi baada ya jua kuzama. Mahali pawe wazi, mbali na mabati na miti mirefu.

Mwanakijiji hahitaji kujua hesabu hizi ili kulinda haki yake. Anaweza kuwapo jiwe linapowekwa, pamoja na jirani na chifu. Anaweza kuuliza mashine itakaa muda gani. Anaweza kuomba nakala ya ukurasa wa daftari wenye jina la alama, tarehe na namba za mahali, kisha akazisoma polepole: sekunde moja tu ya latitudo ikiandikwa vibaya, mpaka unahama mita 31.

Jiwe linaweza kung'olewa usiku mmoja. Likiwa limerekodiwa vizuri, mpima mwingine anaweza kulirudisha mahali pake.