Barafu Nyumbani: Majaribio Matatu ya Watoto Yenye Faida kwa Mnunuzi

Huku Nambilanje, mkoani Lindi, hata baridi ya Juni na Julai haigandishi maji. Sakitu huonekana katika nyanda za juu za Makete, na barafu ya asili iko kileleni Kilimanjaro. Nyingine zote tunazipata katika jokofu. Hata hivyo, kikombe kimoja cha maji yaliyoganda chaweza kumfundisha mtoto sayansi na kuiepusha familia na chakula kilichoharibika. Tumechagua majaribio matatu yasiyo na gharama kubwa. Asiye na jokofu anaweza kuomba nafasi ndogo kwa jirani au dukani.

1. Maji hutanuka yanapoganda

Mtoto ajaze maji hadi robo tatu ya chupa ya plastiki, aweke alama ya kalamu pale maji yalipofika, kisha chupa isimamishwe katika sehemu ya kugandishia usiku kucha. Asubuhi ataona barafu imepita alama. Maji yanapoganda, ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 9, ingawa uzito haubadiliki. Hiyo ndiyo sababu chupa ya kioo iliyojaa maji au soda hupasuka. Tunashauri isigandishwe kamwe.

2. Sarafu inayotoa ushahidi

Gandisheni kikombe cha maji, kisha wekeni sarafu juu ya barafu na kukirudisha kikombe mahali pake. Umeme ukikatika mkiwa safarini na kurejea kabla hamjafika, kila kitu kitaonekana kimeganda kama mlivyokiacha. Itazameni sarafu. Ikiwa bado iko juu, barafu haikuyeyuka. Ikiwa imezama hadi chini, barafu yote iliyeyuka na kuganda upya, na chakula kilikaa katika joto kwa muda mrefu. Nyama, samaki na maziwa visiliwe, hata kama havinuki.

Dukani hakuna sarafu, lakini zipo dalili. Vipande vya kuku vilivyoshikamana kama jiwe, au maji yenye damu yaliyoganda chini ya mfuko, huashiria kwamba bidhaa iliwahi kuyeyuka.

3. Swali la Mpemba

Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, aliweka katika jokofu mchanganyiko wa maziwa na sukari ungali moto, akaona umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza sababu, alichekwa. Baadaye, akisoma Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, naye akalipima jambo hilo. Mwaka 1969 wawili hao walilichapisha katika jarida la *Physics Education*, na dunia hulitaja kwa jina la Mpemba hadi leo.

Chukueni vikombe viwili vya plastiki vinavyofanana. Mtu mzima amimine maji ya moto katika kimoja na maji baridi kwa kiasi kilekile katika kingine. Viwekwe mbali na vyakula, na vikaguliwe kila baada ya nusu saa tu, kwa kuwa kila mlango unapofunguliwa umeme zaidi hutumika. Mtoto aandike anachokiona. Maji ya moto hayatangulii kila mara, na wanasayansi wangali wanajadili sababu. Basi matokeo yoyote atakayopata yaandikwe kwa uaminifu.

Tahadhari kwa wazazi

Baridi huwazuia vijidudu kuongezeka, lakini haiwaui wote. Maji yaliyokuwa machafu kabla ya kuganda yatakuwa machafu barafu itakapoyeyuka. Kwa barafu ya kulamba au ya kuweka katika juisi, tumieni maji yaliyochemshwa na kupozwa katika chombo safi chenye kifuniko. Mnaponunua barafu za watoto, muulizeni muuzaji ametumia maji gani. Ni haki yenu kuuliza, na ni wajibu wake kujibu.