Afya kwa Kikri haikosi jina

Kila nikizungumzia lugha za wenyeji wa Kanada, huulizwa: "Wakri wana neno la afya?" Anayeuliza huwa keshajijibu kwamba hawana, na kwamba lugha yao haitoshi kwa mambo ya tiba mpaka iundiwe istilahi. Imani hiyo ni potofu, na kwa mgonjwa ni ya hatari.

Neno wanalo. Wakri wa James Bay, jimboni Quebec, husema miyupimaatisiiun, yaani kuishi vizuri, na vituo vyao vya afya vina neno hilo katika majina yake rasmi. Mwanaanthropolojia Naomi Adelson alilichambua katika kitabu cha mwaka 2000: humo mna kupata joto, kula nyama ya porini, na kuwa na nguvu za kuwinda. Wanaolikataa wanataka neno la vipimo vya maabara tu. Upungufu huo ni wao, si wa Kikri.

Wanaodai lugha hii haiundi maneno mapya hawajaisoma. Kisukari ni sôkâwâspinêwin, ugonjwa wa sukari, kama tunavyosema sisi. Daktari ni maskihkîwiyiniw, mtu wa dawa. Hospitali ni âhkosîwikamik, nyumba ya wagonjwa. Nani amewahi kusema Kiswahili ni maskini kwa sababu kina "ugonjwa wa sukari"?

Kinachonikera zaidi ni orodha za viungo na maradhi, neno kwa neno, wanazotumia wahudumu wa afya. Katika Kikri cha tambarare, mojawapo ya lahaja za lugha hii, maradhi hukaa ndani ya kitenzi. Âhkosiw ni anaumwa, nitâhkosin, naumwa. Têwistikwânêw ni kitenzi kimoja, na ndani yake mna mgonjwa, kichwa na maumivu. Kiungo nacho hakiachwi bila mwenyewe: nistikwân ni kichwa changu, kistikwân ni kichwa chako. Orodha hukupa mistikwân, kichwa kisicho cha mtu anayejulikana. Ukiunganisha neno hilo na "maumivu" ulilolikuta ukurasa mwingine, umetunga sentensi ambayo hakuna Mkri anayeisema, kisha unamlaumu mgonjwa kwa kutokuelewa.

Basi, wahudumu, fanyeni hivi. Jifunzeni maswali mazima: kitâhkosin cî, unaumwa? Kitêwistikwânân cî, kichwa kinakuuma? Ulizeni kwanza mgonjwa ni wa lahaja ipi, maana "mimi" ni niya tambarare, nîna kinamasini, nîtha misituni na nîla Moose Factory. Tafuteni mkalimani aliyefunzwa. Msimtwishe mtoto wa mgonjwa kazi hiyo. Mgonjwa aonyeshe kwa mkono panapouma, kisha rudieni alichosema mpaka akubali kwamba mmemwelewa.

Mgonjwa Mkri ana maneno ya kutosha kueleza ugonjwa wake. Anachohitaji ni mhudumu anayejua namna ya kumuuliza.