Mtoto anasoma udaktari? Usimnunulie maswali ya soko jingine

NAMOTO, Msumbiji

Anayevuka mto Ruvuma kutoka Kilambo hadi Namoto na mzigo wake anajua kanuni moja ya mpakani: bidhaa inaweza kuwa nzuri, lakini isipokuwa na karatasi za upande inakokwenda, italala forodhani. Kanuni hiyohiyo inawahusu madaktari vijana. Inaanza kuwagusa siku kijana anapopiga simu nyumbani na kuomba hela ya kununua maswali ya kujiandaa na mtihani wa leseni.

Ombi hilo lina msingi. Shahada ya udaktari peke yake haimpi mtu ruhusa ya kutibu. Baada ya chuo kuna utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini chini ya usimamizi, kisha kuna baraza linalotoa usajili na leseni. Nchi nyingi humpima daktari kwa mtihani kabla ya kumsajili, hasa aliyesomea nchi nyingine. Wanaojiandaa hutafuta kile kinachoitwa benki ya maswali: mkusanyiko wa maswali, mamia au maelfu, pamoja na majibu na maelezo yake, katika kitabu au katika programu ya simu.

Maduka ya bidhaa hii ni mengi. Kuna benki za Marekani zinazolipiwa kwa dola, kuna karatasi za mitihani iliyopita, kuna mafaili yanayozungushwa katika makundi ya WhatsApp. Yenye jina kubwa na bei kubwa inaweza isimfae kijana wako hata kidogo. Mzazi hahitaji kujua utabibu ili amsaidie kuchagua. Anahitaji maswali yaleyale anayouliza kabla ya kununua mzigo: unakwenda soko gani, umetengenezwa lini, na ndani ya gunia kuna nini?

Muhuri ni wa nani?

Tanzania Bara, mwenye muhuri ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Zanzibar ina baraza lake. Msumbiji, kazi hiyo ni ya Ordem dos Médicos. Kenya na Uganda nazo zina mabaraza yao. Leseni ya mmoja haigeuki kuwa leseni ya mwingine kwa kuvuka mto.

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mabaraza ya madaktari yamekuwa yakikagua vyuo kwa pamoja ili kurahisisha kutambuana. Msumbiji haimo katika Jumuiya hiyo; inakutana na Tanzania ndani ya SADC. Kwa hiyo kijana wa Mtwara aliyehitimu Muhimbili na anayetaka kufanya kazi Palma kwa wajomba zake ni mgeni mbele ya Ordem. Na mwenzake wa Palma aliyehitimu Chuo Kikuu cha Lúrio kule Nampula, akitaka kazi katika Hospitali ya Ligula mjini Mtwara, ni mgeni mbele ya Baraza. Kwamba nyumbani wote wanazungumza Kimakonde hakubadilishi kitu.

Hatua ya kwanza, basi, haigharimu fedha. Kijana aliulize baraza la huko anakokwenda: mtihani una mada zipi, maswali mangapi, ya aina gani, kwa muda gani na kwa lugha gani? Majibu hayo ndiyo kipimo cha kila benki atakayoonyeshwa baadaye. Benki isiyolingana nayo itamla miezi yake hata ikitolewa bure.

UWorld na AMBOSS, kwa mfano, zinajulikana sana kwa wanaojiandaa na USMLE, mtihani wa leseni ya Marekani. Kwa anayekwenda Marekani ni vyombo vya kazi. Sehemu ya kwanza ya PLAB, mtihani wa Uingereza kwa madaktari waliosomea nje, ina maswali 180 kwa saa tatu, yaani dakika moja kwa kila swali. Anayejiandaa nao lazima azoee mwendo huo. Lakini anayekwenda Palma, Pemba au Lindi hajapangiwa soko hilo, na wingi wa sifa za benki hauondoi ukweli huo.

Lugha na vipimo

Vyuo vya udaktari vya Tanzania hufundisha kwa Kiingereza. Vya Msumbiji hufundisha kwa Kireno. Wafanyabiashara wa mpakani humaliza mambo yao kwa Kiswahili, lakini karatasi ya mtihani haipatani bei. Daktari anayejua kiharusi vizuri kabisa kwa Kiingereza anaweza kukwama akikuta swali la Kireno limeandika AVC. Hata namba hubadilika sura: kwa Kiingereza hemoglobini huandikwa 7.5, kwa Kireno 7,5.

Vipimo ni mtego mwingine. Hospitali za Tanzania hupima sukari ya damu kwa milimoli kwa lita. Marekani na Brazili hupima kwa miligramu kwa desilita. Kiwango cha 7 kwa kipimo cha kwanza ni sawa na 126 kwa kipimo cha pili. Ni kama kilo na ratili: anayechanganya mizani hupata hasara kabla hajaanza kuuza. Kijana aliyefanya mazoezi miezi mitatu kwa kipimo kimoja atapoteza muda akikutana na kingine ndani ya chumba cha mtihani.

Kwa wanaotafuta maswali ya Kireno bila gharama, Brazili ina mtihani uitwao Revalida kwa madaktari waliosomea nje. Ulianza mwaka 2011, na taasisi inayousimamia, INEP, huchapisha hadharani karatasi zilizopita pamoja na majibu. Ni shule nzuri ya lugha na ya mtindo wa maswali. Lakini ni maswali ya Brazili. Huko malaria iliyo nyingi ni ya Plasmodium vivax, wakati katika kanda yetu inayoua ni falciparum, na dawa za mwanzo za hizi mbili hazifanani. Ayachukue kwa Kireno chake; majibu ya malaria ayatafute katika mwongozo wa tiba wa Msumbiji.

Jibu la mbali, mgonjwa wa karibu

Hapa ndipo jambo hili linapotoka kwenye alama na kuingia wodini. Mtu anaweza kudhani kwamba utabibu ni mmoja duniani, na kwamba jibu sahihi Chicago ni sahihi Mtwara. Mara nyingi ni kweli. Mara nyingine siyo, na uthibitisho wake ulipatikana kwa watoto wa Afrika Mashariki.

Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye mzunguko wake wa damu umedhoofika apewe maji mengi ya mshipani kwa haraka. Utafiti ulioitwa FEAST ulilipima jambo hilo kwa watoto 3,141 nchini Kenya, Uganda na Tanzania, ambako kituo kilikuwa Muheza, mkoani Tanga. Matokeo yalitolewa mwaka 2011 na yaliwashtua wengi. Katika saa 48 za kwanza, walikufa takriban watoto 10 hadi 11 katika kila 100 waliopewa maji ya haraka, na 7 katika kila 100 ambao hawakupewa. Waliopimwa hawakuwa watoto waliokaukiwa maji kwa kuhara. Hao walitengwa na utafiti huo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo mpya wa dharura za watoto, unaotaka maji hayo yaende kidogo na taratibu.

Sasa fikiria benki ya maswali iliyotungwa kwa ajili ya nchi ambayo mtoto kama huyo hulazwa karibu na mashine ya kupumulia. Jibu lake la maji ya haraka linaweza kupata alama kule. Kijana akilikariri, akapangiwa kituo cha afya cha pwani ya Cabo Delgado ambacho hakina mashine hiyo, mtihani utakuwa umekwisha lakini jibu atakuwa bado nalo.

Angalia tarehe kama unavyoangalia kwenye kopo

Hakuna mfanyabiashara anayenunua maziwa ya kopo bila kugeuza chini kutazama tarehe. Maswali ya udaktari nayo huchacha.

Mfano ni malaria kali. Zamani jibu lilikuwa kwinini. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti uitwao AQUAMAT, uliowahusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika. Miongoni mwa vituo vyake vilikuwa Beira kwa upande wa Msumbiji, na Muheza na Korogwe kwa upande wa Tanzania. Nusu walipewa kwinini, nusu sindano ya artesuneti. Waliopewa kwinini walikufa 297. Waliopewa artesuneti walikufa 230. Mwaka uliofuata WHO ilipendekeza artesuneti iwe dawa ya kwanza kwa watoto wenye malaria kali.

Mafaili mengi yanayozungushwa kwenye simu hayana tarehe wala jina la mtunzi. Kijana anaweza kuyapima kwa dakika mbili: atafute swali la malaria kali. Likisema kwinini ndiyo chaguo la kwanza, mzigo huo ulifungwa kabla ya 2011, au ulinakiliwa kutoka humo. Asihangaike na yaliyobaki. Tanzania na Msumbiji zote zina miongozo ya taifa ya tiba inayoboreshwa kila baada ya muda. Benki nzuri hutaja imetumia mwongozo upi na wa mwaka gani.

Maelezo ndiyo bidhaa yenyewe

Benki yenye maswali 5,000 na herufi ya jibu tu ni gunia la maganda. Thamani iko katika maelezo: kwa nini jibu hili ni sahihi, na kwa nini yale mengine manne siyo. Kabla ya kulipa, kijana afungue sampuli ya maswali kumi katika mada anayoijua vizuri. Akikuta makosa katika anayoyajua, atayagunduaje katika asiyoyajua? Muuzaji asiyekubali kuonyesha hata sampuli anaficha kitu.

Mazoezi ya maswali yenyewe yana faida inayopimika. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Kundi moja lilisoma tena. Jingine lilijipima kwa kukumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma tena waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Kijana anayejibu maswali kwenye simu jioni huenda anasoma kwa bidii kuliko anavyoonekana.

Hesabu ya siku na ya bando

Benki nyingi hazinunuliwi, hukodishwa kwa mwezi, kama chumba cha kuhifadhia mali. Ukilipa mapema kijana akiwa bado kwenye zamu za utarajali, siku zinaisha bila kazi. Hesabu ni rahisi. Maswali 2,000, kwa 40 kila siku, ni siku 50. Kuyarudia aliyokosa kunahitaji wiki mbili nyingine. Jumla ni miezi miwili na siku chache. Basi lipia miezi mitatu, si mwaka mzima, na ilipiwe siku anayoanza.

Pia aulize kama programu inafanya kazi bila intaneti. Kwenye pwani hii mtandao huja na kuondoka, na bando la kufungulia picha za eksirei laweza kuzidi bei ya kitabu. Kama mwongozo wa taifa na mitihani iliyopita vinapatikana, kuvichapisha na kusoma na wenzake wawili watatu, wakiulizana na kubishana, ni benki isiyoisha chaji.

Wanaouza mtihani wenyewe

Wapo wanaojitangaza kwamba wana mtihani halisi wa mwaka huu, utumiwe ukishatuma fedha kwa simu. Mwenye biashara ameshakutana na watu wa namna hii kwenye mambo ya fedha za kigeni na dhahabu. Ikiwa ni uongo, hela imekwenda. Ikiwa ni kweli, ni mbaya zaidi, kwa sababu kijana amejiingiza katika udanganyifu unaoweza kumkosesha leseni aliyoisomea kwa miaka mingi. Na tuseme hakukamatwa: kuna siku mama wa mtu atalazwa mbele yake.

Wilaya ya Palma ilishambuliwa Machi 2021, na watu wengi walikimbilia huku mpakani na kuvuka mto. Tangu vita vya Cabo Delgado vianze Oktoba 2017, vituo vingi vya afya vya mkoa huu vimeharibiwa. Madaktari wanaotaka kurudi kufanya kazi hapa, wanaojua lugha za hapa, ni mali adimu kuliko chochote kinachovuka Ruvuma.

Kwa hiyo simu ikipigwa, usitume hela kabla ya kumuuliza: baraza gani, mwongozo wa mwaka gani, na je, umeona sampuli? Akijibu yote matatu bila kusita, tuma. Akisitasita, mpe siku tatu akaulize barazani. Mali bila daftari huisha bila habari, na miezi ya kijana nayo ni mali.