Pumu ya Ngozi si Laana

Mwezi mmoja kabla ya Komunyo ya Kwanza, mama mmoja alifika ofisini kwetu parokiani akataka nilifute jina la binti yake katika daftari la mafundisho. Nilimwuliza sababu. Akamvuta mtoto karibu, akampandisha mikono ya gauni. Ngozi ya viwiko, pale mkono unapokunjwa, ilikuwa nene na nyeusi, tena imechanika kwa kukunwa. "Wenzake hawataki kukaa naye benchi moja," alisema mama. "Na bibi yake asema kuna mtu ametufanyia jambo. Bora akae nyumbani."

Sikulifuta jina. Nilimsihi ampeleke mtoto zahanati kwanza, na huko aliambiwa kwamba ni pumu ya ngozi. Tangu siku hiyo nimejitahidi kusoma habari za ugonjwa huu, maana naona nyumba nyingi zina mtoto wa namna hii, nazo hupata taabu mara mbili: taabu ya ugonjwa wenyewe, na taabu ya maneno ya watu. Basi, wasomaji wapenzi, tuutazame polepole, tuone watoka wapi.

Ukuta wa mwili

Ngozi ni ukuta wa mwili. Mwenyezi Mungu ameujenga kwa chembe hai ndogo sana ambazo wataalamu huziita seli. Seli hizo huzaliwa chini, kisha hupanda kidogo kidogo kuelekea nje. Zikiwa njiani hujaa nyuzi ngumu ziitwazo keratini, aina ile ile ya kitu kilichofanya kucha na nywele zetu. Zifikapo juu zimekwisha kufa, zimekuwa bapa na ngumu, nazo hupangana kama matofali. Katikati yake hukaa mafuta, kama udongo unaoshika matofali ya nyumba. Mwishowe hubanduka na kuanguka bila sisi kuona, na nyingine hushika nafasi yake. Safari yote huchukua kadiri ya wiki 4.

Katika ujenzi huu iko protini moja ya maana sana, jina lake filagrini. Kazi zake ni mbili. Kwanza hufunga nyuzi za keratini pamoja, kama mtu afungavyo mzigo wa kuni, ndipo seli huwa bapa na imara. Kisha yenyewe huvunjika vipande vidogo vinavyoshika maji, na kwa hiyo ngozi hukaa laini. Filagrini ikipungua, ukuta hupata nyufa. Maji ya mwili hutoka, ngozi ikakauka; na vumbi, sabuni na vijidudu huingia.

Mbiu ya walinzi

Ukuta huo una walinzi, yaani chembe nyeupe za damu. Walinzi hawa hawana kinywa. Hupelekeana habari kwa protini ndogo ziitwazo saitokini, na kwa hizo hizo huzipa amri seli za ngozi. Mwaka 1957, huko London, Alick Isaacs na mwenzake Jean Lindenmann walitambua kwamba seli zikifikiwa na virusi vya mafua humwaga kitu kinachoziandaa seli nyingine zivipinge virusi. Kitu hicho walikiita intaferoni. Baadaye wataalamu wakagundua saitokini nyingine nyingi, na kundi kubwa kati yake wakaliita intalukini, kila moja na namba yake.

Wazee wetu husema: likilia la mgambo lina jambo. Saitokini ni mbiu ya namna hiyo. Juu ya seli ya ngozi viko vipokezi, mfano wa masikio. Saitokini ikishika kipokezi chake, habari hupita ndani mpaka kwenye kiini cha seli, mahali zinapotunzwa amri za kazi zote. Huko amri nyingine huanza kutumika na nyingine huzimwa.

Jambo hili ni jema likiwa la muda. Mbiu ikilia kijijini kwa ajili ya moto, fundi hutupa mwiko wake akakimbia kuzima. Moto ukiisha, hurudi kujenga. Lakini mbiu ikilia usiku na mchana, mwezi baada ya mwezi, nyumba itajengwa na nani?

Hayo ndiyo yanayotokea katika pumu ya ngozi. Intalukini 4 na intalukini 13 hulia bila kukoma. Huziamuru seli zipunguze filagrini, na mafuta yale ya kati nayo hubadilika, yasishike vema. Seli zilizokuwa zimeshikana huachana na majimaji hujaa katikati yake. Ndiyo sababu vipele huweza kutoa maji. Intalukini 22 huzifanya seli ziongezeke mno, na ngozi huwa nene. Intalukini 31 huamsha neva, na mtoto huwashwa asipate usingizi.

Hapo mtoto hujikuna. Akijikuna hubomoa ukuta zaidi, na seli zilizojeruhiwa nazo hupiga mbiu yao wenyewe kuwaita walinzi wengine. Walinzi wakija, mbiu huongezeka, ukuta hubomoka, mtoto hujikuna tena. Duara hilo ndilo ugonjwa wenyewe.

Fundi yupo, ila amezuiwa

Mwaka 2006, wataalamu wa Dundee, huko Scotland, pamoja na wenzao waligundua kwamba baadhi ya wagonjwa wamerithi kasoro katika amri ya kutengeneza filagrini. Mtu angeweza kudhani kwamba neno limekwisha: ni ya ukoo, hakuna la kufanya. Lakini mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba intalukini 4 na 13 hupunguza filagrini hata katika seli za mtu asiye na kasoro yo yote.

Habari hii yatuhusu sisi Waafrika kwa namna ya pekee. Wagonjwa wa kabila la Waxhosa, Afrika Kusini, walipopimwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2014, kasoro zile za kurithi hazikuonekana. Hata hivyo vipande vya filagrini katika ngozi yao vilikuwa vichache. Tazameni maana yake: fundi yupo na ujuzi wake anao, ila kuna linalomzuia kazi, na mbiu ile ni mojawapo la kushukiwa kwanza.

Mwaka 2017 Marekani iliruhusu dawa ya sindano iitwayo dupilumabu. Dawa hiyo huziba kipokezi ambacho intalukini 4 na 13 hutumia, kama mtu azibaye masikio. Wagonjwa walioitumia ngozi yao nene ilipungua na filagrini ikaongezeka. Bei yake ni kubwa, mtu wa kijijini haiwezi. Lakini somo lake ni la bure: ukuta hurudi ukinyamazisha mbiu.

Tufanye nini nyumbani?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mithali hii twaitumia kwa mambo mengi, lakini kwa pumu ya ngozi ni dawa kamili. Kuziba nyufa ni kazi ya mama na baba, kila siku.

Mtoto aoge kwa muda mfupi, kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto. Asiogeshwe kwa sabuni ya kufulia, wala asisuguliwe kwa dodoki. Akaushwe kwa kugusagusa kitambaa, na mwili ukiwa bado na unyevu apakwe mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato. Apakwe tena jioni. Mafuta haya husaidia kazi ya yale yaliyopungua katikati ya seli. Apakwe hata siku ngozi inapoonekana nzuri, maana hapo ndipo ufa ungali mdogo. Kucha zikatwe fupi, na nguo zinazogusa mwili ziwe za pamba.

Kunyamazisha mbiu ni kazi ya dawa ya zahanati. Mara nyingi mtaalamu hutoa dawa ya kupaka ya jamii ya steroidi, ambayo huingia ndani ya seli na kuzipunguza saitokini. Ni dawa njema ikitumika kama ulivyoagizwa: mahali ulipoonyeshwa, kwa siku ulizotajiwa. Ikipakwa ovyo miezi mingi hukondesha ngozi. Kwa sababu hiyo jihadharini sana na mafuta ya kujichubua yanayouzwa sokoni. Mengine yana steroidi kali zilizofichwa, na mtu huharibu ukuta wake kwa fedha yake mwenyewe. Wala msimchanje mtoto chale au kumpaka majani yanayounguza. Kila jeraha jipya ni mbiu mpya.

Je, huambukiza?

La. Pumu ya ngozi haiambukizi kwa kukaa benchi moja, kushikana mikono, wala kula sahani moja. Imepewa jina la pumu kwa kuwa mara nyingi hutokea katika ukoo ule ule wenye watu wa pumu ya kifua.

Lakini tusikisie kwa macho tu. Upele huambukiza, nao huwasha zaidi usiku, hukaa katikati ya vidole, na mara nyingi hushika watu kadhaa wa nyumba moja. Baka lisilohisi ukiligusa laweza kuwa ukoma, ambao unapona kwa dawa ukiwahiwa. Na ngozi ya pumu ikitoa usaha, au mtoto akipata homa, vijidudu vimeingia, hapo msingoje. Tena vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu, lakini katika ngozi yetu nyeusi mara nyingi wekundu hauonekani. Huonekana weusi uliozidi, au rangi ya kijivu, au vipele vidogo vidogo. Mjue hivyo, msije mkachelewa. Chuo cha magonjwa ya ngozi cha Moshi, kilichoanza mwaka 1992, kimefundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Basi si kweli kwamba kwetu hakuna ajuaye ngozi.

Rafiki za Yobu

Kuna mgonjwa wa ngozi ambaye sote twamjua. Yobu aliketi katika majivu akijikuna kwa kigae. Rafiki zake walikuja, wakakaa naye siku 7 kimya, na huo ndio msaada wao uliokuwa mwema. Walipofungua kinywa walianza kutafuta dhambi yake, na mwisho Mungu aliwakasirikia wao, si yeye. Twasoma habari hizi kanisani, kisha twarudi nyumbani tukauliza ni nani aliyemroga mtoto wa jirani.

Yule binti hajapona kabisa. Ugonjwa huu huja na kwenda. Watoto wengi hupata nafuu wanapokua, wengine hukaa nao. Lakini mama yake humpaka mafuta asubuhi na jioni, na viwiko vyake vimelainika. Katekista aliwaeleza watoto neno moja tu, kwamba haiambukizi, kisha akaketi yeye mwenyewe karibu naye. Jumapili iliyofuata benchi lilijaa. Jina lake nililiacha daftarini, na siku ya Komunyo ya Kwanza niliweka alama mbele yake kama nilivyowawekea wenzake wote.