Sauti ya Mgeni Juu ya Likembe ya Umeme

Kundi la muziki wa dansi likitoa albamu yenye waimbaji wa kualikwa, lawama haikawii: limeishiwa, linaazima sauti za watu ili liuze. Kundi la muziki wa umeme ndilo huumia zaidi, maana wasikilizaji wengi hushika sauti ya mwimbaji, na vyombo huvihesabu kuwa mkeka tu wa kumkalisha. Mimi nashikilia kinyume chake: mwimbaji mgeni ndiye anayetuonyesha kama kundi lina sauti yake lenyewe. Ushahidi uko katika nchi yetu, kwa Konono Nº1 wa Kinshasa na albamu yao ya 2016, Konono Nº1 Meets Batida.

Tuanze na chombo. Mawangu Mingiedi, Mzombo wa upande wa mpaka wa Angola, alianzisha kundi hilo miaka ya 1960. Likembe, kisanduku chenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, ina sauti ndogo, na makelele ya Kinshasa huimeza. Mingiedi alichukua sumaku za vipuri vya magari makuukuu, akaunda maikrofoni za kujitengenezea na kuzifunga kwenye likembe. Ulimi wa chuma ukitetemeka, mtetemo ule hugeuka kuwa mkondo mdogo wa umeme. Amplifaya huukuza, spika huurusha barabarani. Amplifaya ikizidiwa, sauti hukwaruza, na mkwaruzo huo kundi halikuuficha, bali lilijijengea jina kwa huo. Wapo wasemao kwamba pasipo kinanda cha umeme huu si muziki wa kielektroniki. Wanatazama duka kilikonunuliwa chombo badala ya kusikiliza namna sauti inavyozaliwa. Albamu ya Congotronics, iliyotayarishwa na Vincent Kenis na kutolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji mwaka 2004, iliupeleka mkwaruzo ule Ulaya; Assume Crash Position ikafuata mwaka 2010.

Batida ni Pedro Coquenão, mzaliwa wa Huambo, Angola, aliyekulia Ureno. Kazi ilifanyika Lisbon, na humo wakaingia mwimbaji Selma Uamusse, mwenye asili ya Msumbiji, na mshairi AF Diaphra. Je, hao ni wageni kweli? Wazombo, watu wa Mingiedi, wako Kongo na Angola pia. Mpaka ulichorwa juu yao. Msomaji wa kando ya Ziwa Tanganyika haelezwi jambo hili mara mbili: ziwa limegawanywa kwenye ramani, lakini Kiswahili kinasemwa Kalemie na Kigoma vilevile. Tena uimbaji wa Konono ni wa kuitikizana, mmoja hutupa na wengine hudaka, kwa hiyo nafasi ya sauti nyingine ilikuwamo tangu zamani. Hata kundi la Zaiko Langa Langa, walipomleta atalaku, yaani mpiga kelele wa kuchangamsha wachezaji, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimpa kazi ya kuichochea sebene, sehemu ya wimbo ya kucheza, wakati magitaa yamekwisha kushika mbio. Mwendo ni wa vyombo. Sauti hupanda njiani.

Pingamizi lenye nguvu ni jingine: kwamba albamu hii ni safi mno, ule ukali wa 2004 umepunguzwa. Nalikubali nusu. Mkwaruzo kweli umefugwa, lakini aliyeufuga ni mchanganyaji wa sauti, si mwimbaji, na kosa la mmoja lisibebeshwe mwingine. Mingiedi alifariki mwaka 2015, kabla albamu haijatoka, na uongozi ulikuwa umeshikwa na mwanawe, Augustin Makuntima. Sauti zikabadilika, mji ukabadilika, mwanzilishi akaondoka, na bado ni Konono. Asiyeamini aweke kwanza Congotronics, kisha hii ya 2016, asikilize likembe ya besi peke yake kabla mtu yeyote hajafungua kinywa.