Mbwa wa Nyumbani na Unene: Hesabu ya Chakula na Mwendo

Katika mwaka 2024 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, nchini Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo mwanafunzi yeyote aweza kulielewa bila ya maelezo marefu. Kipande cha soseji kilitiwa ndani ya sanduku la plastiki lenye kupitisha mwanga na harufu, hata mbwa akaweza kukiona na kukinusa lakini asiweze kukifikia. Mbwa wa kufugwa 87 wa aina ya Labrador walijaribiwa, na wachunguzi wakapima juhudi ambayo kila mmoja aliifanya ili kuipata soseji hiyo. Baadhi yao walishughulika nalo sanduku kupita wenzao kwa kiasi kilichopimika, na hao ndio waliokwisha kujulikana, kwa uchunguzi wa chembe zao za urithi, kuwa na kasoro moja ndogo.

Kasoro yenyewe iligunduliwa na wachunguzi wa chuo hicho hicho na kutangazwa mwaka 2016. Katika mwili wa mbwa, kama katika mwili wa binadamu, kuna jeni iitwayo POMC. Jeni hiyo hutoa maagizo ya kuunda protini ambayo baadaye hukatwa vipande vipande, na baadhi ya vipande hivyo ni homoni zinazoupasha ubongo habari za akiba ya nishati iliyomo mwilini. Kwa Labrador wapatao robo moja ya waliochunguzwa, sehemu ya maagizo hayo yenye urefu wa herufi 14 imekatika. Homoni mbili hazitengenezwi sawasawa, na ubongo hukosa taarifa kwamba akiba ipo. Kila nakala moja ya jeni hiyo yenye kasoro iliambatana na ongezeko la uzito la karibu kilo mbili. Jambo la ajabu ni kwamba miongoni mwa mbwa waliofunzwa kuwaongoza vipofu na kuwasaidia walemavu, wenye kasoro hii walikuwa takriban robo tatu. Huenda sababu ni kwamba mbwa hufunzwa kwa tuzo ya chakula, na mwenye njaa isiyokwisha ndiye mwanafunzi hodari.

Uchunguzi wa 2024 uliongeza jambo la pili, nalo ni zito zaidi kwa mfugaji. Mbwa wenye kasoro hiyo hawasumbuliwi na njaa tu kati ya mlo na mlo. Hata wanapopumzika miili yao huunguza nishati pungufu kwa takriban asilimia 25. Hutamani zaidi, nao huhitaji kidogo zaidi. Basi si haki kumcheka mwenye mbwa mnene na kumwita mzembe, maana wengine wamekabidhiwa mnyama ambaye ubongo wake haumwachi apumzike.

Hata hivyo mbwa hajifungulii kabati. Kila tonge alilalo hutoka katika mkono wa mtu, au katika jalala ambalo mtu ameliacha wazi. Hapo ndipo inapofaa kuutazama uchunguzi mwingine, mrefu na wa subira, ulioanzishwa nchini Marekani mwaka 1987. Kampuni ya Purina ilichukua watoto wa mbwa 48, wote Labrador, ikawagawa katika jozi 24. Kila jozi ilikuwa ya ndugu wa tumbo moja na wa jinsia moja. Wote walipewa chakula cha namna moja, ila mmoja katika kila jozi alipewa pungufu kwa asilimia 25 ya alichopewa nduguye. Mambo yakaendelea hivyo maisha yao yote. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2002 ilidhihirika kwamba nusu ya mbwa walioshiba zaidi walikuwa wamekwisha kufa walipofikia umri wa miaka 11.2, lakini kwa ndugu zao waliokula pungufu umri huo ulikuwa miaka 13. Tofauti ni karibu mwaka mmoja na miezi 10. Tena nusu ya wale wa kwanza walihitaji tiba ya viungo vilivyochakaa kabla ya kutimiza miaka 10 na nusu, na wenzao wakapata nafuu ya miaka mitatu zaidi kabla ya kufikia hali hiyo.

Yafaa ieleweke kuwa hao walioshiba hawakuwa mbwa wa kutisha kwa unene. Baada ya miaka michache ya kwanza chakula chao pia kilidhibitiwa, wasije wakanenepa kupita kiasi. Walikuwa wanene kiasi tu, wa namna ile ambayo jirani akiwaona husema, "Mbwa huyu anatunzwa." Na si jambo dogo kwamba ushahidi wa manufaa ya kula kidogo ulitoka kwa kampuni inayouza chakula cha mbwa.

Sasa tuingie katika hesabu. Mwaka 1932 Max Kleiber, aliyekuwa akifanya kazi California, alionyesha kuwa nishati anayoitumia mnyama akiwa amepumzika haiongezeki sawa na uzito wake, bali hufuata uzito uliopandishwa kwa kipeo cha robo tatu. Kwa mbwa, kanuni inayotumika ni kuzidisha jibu hilo kwa 70 ili kupata kilokalori za siku moja. Mwanafunzi asiye na kikokotoo cha vipeo asikate tamaa. Achukue uzito wa mbwa kwa kilo, auzidishe mara tatu wenyewe kwa wenyewe, kisha atafute kipeuo cha pili, na cha jibu hilo tena kipeuo cha pili. Kwa mbwa wa kilo 30: 30 × 30 × 30 ni 27,000, kipeuo chake cha pili ni 164.3, kipeuo cha pili cha hicho ni 12.82. Zidisha kwa 70, tunapata takriban kilokalori 900. Mbwa wa kilo 10 hupata 394. Uzito umezidi mara tatu, lakini mahitaji yamezidi mara mbili na kidogo tu. Anayemgawia mbwa mkubwa chakula kwa kukisia uzito wake humpa zaidi ya haki yake.

Kiasi hicho ni cha mapumziko. Mbwa mzima anayetembea nyumbani na nje huhitaji karibu mara moja na nusu ya hapo, na aliyehasiwa huhitaji pungufu.

Ama kuhusu mwendo, sehemu ya maarifa yetu ilipatikana hapa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1982 C. Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na Norman Heglund na Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha vipimo vya makumi ya aina za wanyama na ndege waliokimbizwa juu ya mkanda unaoendeshwa kwa mota, huku oksijeni waliyoitumia ikipimwa. Kutokana na vipimo vya namna hiyo twaweza kukadiria kwamba mbwa mwenye uzito wa kilo 30 hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili wake katika kila kilomita. Akitembezwa kilomita tatu, atakuwa ametumia kilokalori 90.

Kiasi hicho ni sawa na nini jikoni? Gramu moja ya mafuta ina kilokalori tisa. Gramu kumi za mafuta, pungufu ya kijiko kimoja cha mezani, zatosha kuifuta safari yote ya kilomita tatu. Na kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwilini huhifadhi karibu kilokalori 7,700, mbwa huyo angehitaji matembezi hayo kila siku kwa takriban siku 86 ili apoteze kilo moja, kwa sharti kwamba asiongezewe hata tonge. Ndiyo maana wenye mbwa wanene wanaotegemea kamba na matembezi peke yake huvunjika moyo. Mwendo una faida zake: hulinda misuli isiyeyuke pamoja na mafuta, hulegeza viungo, na humwondolea mbwa uchovu wa kukaa bure. Lakini uzito huamuliwa katika bakuli.

Bakuli hilo katika nyumba nyingi za kwetu lina ugali. Wapo wanaodhani kwamba mbwa, kwa kuwa ni ndugu wa mbwa-mwitu wa nchi za baridi, hawezi kuutumia wanga. Mwaka 2013 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walionyesha kwamba jeni ya kutengeneza kimeng'enyo cha kusaga wanga, ambayo kwa mbwa-mwitu huwa na nakala mbili, kwa mbwa wa kufugwa huwa na nakala kuanzia nne hadi 30. Mbwa ameishi na wakulima akabadilika. Mbwa wa kijijini mwenye kula ugali huo na kuzunguka kutwa huwa mwembamba. Nduguye wa mjini, aliyefungiwa ndani ya ua na kumwagiwa ugali ule ule pamoja na mchuzi wenye mafuta, hunenepa. Gramu 100 za unga wa mahindi zina karibu kilokalori 360, kwa hiyo gramu 250 za unga zatimiza kilokalori zote 900 za mapumziko ya mbwa wetu wa kilo 30. Nazo hazimpi protini ya kutosha. Hapana budi sehemu ya chakula iwe dagaa, nyama isiyo na mafuta au maharage yaliyopikwa, na unga upunguzwe kwa kadiri hiyo.

Kumtambua mbwa mnene hakuhitaji mashine. Vidole vikipitishwa ubavuni bila ya kukandamiza, mbavu zapaswa kuguswa kwa urahisi. Akitazamwa kutoka juu aonekane ana kiuno, na akitazamwa kwa ubavu tumbo liwe limepanda kuelekea mapajani. Mbavu zikitafutwa kwa kubonyeza, mafuta yamekwisha kuzidi. Kwa uzito wenyewe, mtu hupanda juu ya mizani akiwa amembeba mbwa, kisha hupanda peke yake, na kutoa.

Tuseme mbwa amefikia kilo 40 naye alipaswa kuwa na kilo 30. Daktari wa mifugo humpima kwanza, kwa kuwa yapo maradhi ya tezi yanayoleta unene, na pia kwa sababu kukipunguza sana chakula kile kile cha siku zote huenda kukamkosesha vitamini na madini. Kisha hupewa chakula cha mbwa wa kilo 30, yaani kilokalori 900, kipimwe kwa mizani ya jikoni wala si kwa kikombe cha kukisia. Vitafunio vyote vya siku visizidi sehemu moja ya kumi ya hizo. Kupungua kwa asilimia moja hadi mbili ya uzito kila wiki kunafaa. Kwa asilimia moja, safari ya kutoka kilo 40 mpaka 30 huchukua wiki 29, zaidi ya nusu mwaka, na katika muda huo watu wote wa nyumbani, pamoja na watoto na mlinzi wa usiku, hawana budi kujua kwamba mbwa amekwisha kula.

Darasa lenye karatasi ya mraba laweza kuchora mstari wa uzito huo wiki kwa wiki. Mstari hautanyooka. Mwili unavyopungua ndivyo mahitaji yake yanavyopungua, na mara kwa mara uzito hugota mahali pamoja. Ukigota kwa majuma matatu, chakula hupunguzwa kidogo tena kwa ushauri wa daktari, nukta mpya hutiwa katika mchoro, na mbwa huendelea kuomba.