Dawa ya malaria ya mtoto: Ladha nayo ilipimwa

MZAZI wa Mbagala au Tegeta aliyewahi kumpa mtoto mchanga dawa ya malaria anaijua shughuli yake. Kidonge kinasagwa, kinakorogwa na maji, mtoto anapakatwa kwa nguvu, na nusu ya dawa inaishia kwenye khanga. Hasara si khanga kuchafuka. Mtoto akitapika dozi, vimelea vinabaki mwilini.

Dawa mseto, yaani ALu, ilipochukua nafasi ya SP nchini mwishoni mwa 2006, wadogo walisagiwa kidonge kilekile kichungu cha wakubwa. Kampuni ya Novartis na taasisi ya MMV zikatengeneza kidonge kinachoyeyuka chenyewe kwenye maji.

Watoto waliionja

Ladha ilipimwa hapa Tanzania. Wanafunzi 48 wenye afya njema waliwekewa mdomoni dawa yenye ladha ya stroberi, chungwa na cheri, kila moja kwa sekunde 10 bila kumeza, kisha wakaipa alama. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini cheri ilipendwa zaidi, na ndiyo iliyochaguliwa.

Kisha dawa ikajaribiwa kwa watoto 899 wenye malaria katika nchi za Benin, Kenya, Mali, Msumbiji na Tanzania. Kundi moja lilipewa kidonge kipya, jingine kidonge cha kusaga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008 katika jarida la The Lancet: katika makundi yote mawili, takriban watoto 98 kati ya 100 walipona.

Kutapika kulikohusishwa na dawa hakukwisha. Kulitokea kwa watoto 7 kati ya 100 waliopewa kidonge kipya, na 9 kati ya 100 waliopewa cha kusaga. Kidonge kipya kilianza kutolewa mwaka 2009. Kinarahisisha kazi, lakini bado kinamhitaji mzazi makini.

Mzazi afanye nini?

• Pima kwanza. Idadi ya vidonge hufuata uzito wa mtoto. Aliye chini ya kilo 5 aonwe na daktari.

• Yeyusha kila kidonge kwa maji safi, kama vijiko viwili vya chai. Suuza kikombe, naye anywe masalia.

• Mpe baada ya chakula, maziwa au kunyonya. Mafuta husaidia dawa kuingia mwilini.

• Akitapika ndani ya saa moja, rudia dozi nzima, kisha rudi kituoni upewe ya kufidia.

• Dozi ya pili ni baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni hadi zitimie sita kwa siku tatu, hata kama homa imeshuka.

• Usimwambie mtoto kuwa ni pipi. Ifiche mbali.

Mtoto anayetapika kila anachopewa, anayeshindwa kunyonya, anayelegea au kupata degedege asisubiri dozi inayofuata. Usimnunulie dawa ya kuzuia kutapika kwa kubahatisha. Mkimbize hospitali, hata kama ni usiku.